Kemia au baiokemia? Usichague kwa kuikimbia hesabu

Swali limetoka kwa msomaji aliyemaliza sekondari na kupata nafasi mbili katika chuo kikuu kimoja, shahada ya kwanza ya kemia na shahada ya kwanza ya baiokemia. Ameandika hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nina wiki mbili za kuthibitisha nafasi moja na kuiacha nyingine. Kemia naipenda, ila hesabu zinanitoa jasho. Wenzangu wanasema nichukue baiokemia kwa sababu ni kukariri tu, hesabu hakuna, na ukimaliza ni rahisi kuingia udaktari. Wengine wanasema mwenye kemia ndiye anayepata kazi haraka. Tofauti hasa ni ipi? Nikikosea, naweza kuhama? Na ninunue nini kabla ya kuanza?"

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha wanafunzi wa shahada zote mbili, mara nyingi wakiwa benchi moja la maabara, na haupiti mwaka bila kukutana na mmoja aliyeingia baiokemia akiikimbia hesabu. Humtambua kabla hajasema neno. Ni yule aliyeshika kalamu mdomoni, anaitazama grafu ya kasi ya kimeng'enya kana kwamba grafu ndiyo yenye deni.

Basi tuanzie hapo benchini. Zoezi lenyewe ni la kawaida kabisa, hulikosi katika shahada ya baiokemia popote. Unachukua kuveti, kile kikopo kidogo chenye upana wa sentimita 1, unatia myeyusho wenye piruveti na NADH (molekuli inayobeba elektroni, ambayo ikizitoa hubaki NAD+), unaongeza tone la kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojinesi, unafunga mfuniko wa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa. Mashine imetegwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, kwa sababu NADH hufyonza mwanga huo na NAD+ inayobaki baada ya mmenyuko haiufyonzi. Kadiri NADH inavyotumika, namba kwenye kioo inashuka. Tuseme imeshuka kwa 0.311 ndani ya dakika moja.

Kukariri kumeishia hapo. Sasa inabidi ujue kwamba kigawo cha ufyonzaji cha NADH, yaani mwanga ambao moli moja kwa lita ingefyonza katika upana wa sentimita 1, ni 6,220, ugawe 0.311 kwa namba hiyo upate moli 0.00005 kwa lita, ukumbuke kwamba ndani ya kuveti mna mililita 3 wala si lita nzima, ndipo useme kimeng'enya chako kimegeuza maikromoli 0.15 kwa dakika. Wengi huteleza kwenye hiyo mililita. Ni kugawanya na kuzidisha tu, lakini unafanya ukiwa umesimama, glovu mikononi, na namba haikusubiri.

Je, baiokemia ina hesabu chache kuliko kemia? Ndiyo, ni chache kidogo, lakini si haba. Mwaka wa kwanza mara nyingi mtakaa pamoja kwenye kalkulasi, fizikia na kemia ya jumla. Njia zinaachana baadaye. Anayesoma kemia atakutana na kemia ya kwanta, mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 na matriki zake, pamoja na thamodinamiki ambayo kila herufi ina mabadiliko ya herufi nyingine chini yake. Anayesoma baiokemia ataishi na logi za pH, mlinganyo wa kasi ya vimeng'enya wa Michaelis na Menten wa mwaka 1913, na takwimu nyingi kuliko alivyotarajia. Siku hizi inaongezeka programu ya kompyuta, kwa sababu data za jeni na protini hazisomeki kwa macho. Kama jasho lako linatokana na kufanya hesabu polepole, utazoea. Kama linatokana na kuichukia kabisa, hakuna hata moja kati ya shahada hizi itakayokuficha.

Na hilo la "kukariri tu" nalo lina nusu ya ukweli. Asidi amino 20 utazikariri, tena kwa maumbo yake, na hatua kumi za glikolisisi, njia ambayo seli huvunjia glukosi, utazijua hata ukiamshwa usiku. Lakini mtihani mzuri haukuulizi uzitaje. Unakuuliza: mgonjwa amezaliwa na kimeng'enya fulani kisichofanya kazi, ni kitu gani kitarundikana kwenye damu yake na ni kitu gani atakikosa? Aliyekariri orodha huorodhesha, na anayejua kila hatua inafanya nini ndiye hujibu.

Sasa tofauti yenyewe. Mimi huieleza kwa maswali. Mkemia anauliza: kifungo hiki kinavunjikaje, kingine kinajengwaje, na nitajuaje kwamba nilichopata kwenye chupa ndicho nilichokusudia? Mbaiokemia anauliza: seli inawezaje kufanya kazi ya namna hiyo hiyo ndani ya maji, kwenye joto la mwili, bila asidi kali, bila kuchemsha, na bila kuchanganya mambo maelfu yanayotokea kwa wakati mmoja? Mkemia akiichoma glukosi, anapata kaboni dioksaidi, maji na joto kwa mkupuo mmoja. Seli inafikia kaboni dioksaidi na maji yale yale, ila inateremka ngazi, na kwenye baadhi ya vidato inachota nishati kidogo na kuihifadhi kama ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli.

Kwa jinsi ninavyoona, watu hukosea wanapodhani mbaiokemia hahitaji kemia nzito. Mwaka wa pili, kwenye kemia ogania, utafundishwa mmenyuko wa aldoli: molekuli mbili zinaunganishwa kaboni kwa kaboni, na unachora mishale ya elektroni mpaka mkono uume. Utajiuliza ya nini yote hayo. Baada ya miezi michache unafika hatua ya nne ya glikolisisi, ambapo kimeng'enya kiitwacho aldolesi kinaikata fruktosi-1,6-bisfosfeti vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Jina limekwisha kukuambia. Ni aldoli ile ile, imerudishwa kinyumenyume. Aliyeelewa mishale anatabasamu. Aliyefaulu kemia ogania kwa kubahatisha ana jina jingine la kukariri, na majina hayaishi.

Mpaka kati ya fani hizi mbili haujawahi kuwa imara. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza urea maabara, kitu ambacho hadi hapo kilijulikana kutoka kwenye mkojo. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba juisi iliyokamuliwa kwenye hamira, bila seli hai hata moja, bado inageuza sukari kuwa alkoholi. Tangu hapo seli ikawa mahali ambapo kemia inafanyika, na mkemia akawa na ruhusa ya kuingia. Frederick Sanger alipewa Tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1958 kwa kazi yake juu ya muundo wa insulini na mwaka 1980 kwa mbinu ya kusoma mpangilio wa DNA, na zote mbili zilikuwa tuzo za kemia. Hata ile ya mwaka 2020 ya kuhariri jeni, waliyopewa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, ilikuwa ya kemia.

Nisije nikaonekana naipigia debe baiokemia. Kemia ina utamu wake ambao baiokemia haikupi kwa wingi, yaani kuona jambo kwa macho. Siku utakapotaitreti asidi oksaliki kwa pamanganeti ya potasiamu utanielewa. Umepasha moto chupa ya koni hadi nyuzi 60 hivi, bureti imejaa kimiminika cha zambarau kizito kiasi kwamba unasoma ukingo wake wa juu kwa sababu wa chini hauonekani. Unaangusha matone ya kwanza. Zambarau inabaki, inabaki, unaanza kudhani umekosea. Halafu inafifia taratibu. Matone yanayofuata yanapotea yakigusa tu. Kilichobadilika ni kwamba mmenyuko umezaa ioni za manganizi, na ioni hizo ndizo kichocheo cha mmenyuko wenyewe. Mwanzoni hazikuwepo, sasa zipo. Mwanafunzi anayeuliza "kwa nini tone la kwanza lilichelewa?" kabla sijamwambia, huyo namwandika pembeni kwenye daftari langu. Ana jicho la mkemia.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika "kemia naipenda". Nimeisoma mara tatu na sijaona mahali uliposema unapenda baiolojia. Umesema wenzako wanasema, na umesema hesabu zinakutoa jasho. Sababu zako zote za kwenda baiokemia ni za kukimbia kitu, hakuna hata moja ya kukifuata kitu. Mbaiokemia ambaye seli haimshangazi ataumia mwaka wa tatu, muhula mzima ukiwa ni ishara za homoni, kinga ya mwili na udhibiti wa jeni. Jipime hivi: chukua kitabu chochote cha baiolojia, fungua sura ya namna seli inavyotengeneza protini, na usome ukurasa mmoja bila kulazimishwa na mtu. Ukijikuta umefika wa tano, baiokemia ni yako. Ukijikuta unatafuta namba ya ukurasa wa mwisho, chukua kemia, na hizo hesabu tutazishughulikia.

Kabla hujathibitisha, kuna jambo moja ambalo waombaji hawaliulizi na lina uzito kuliko jina la shahada: idara ya baiokemia iko chini ya nani? Katika baadhi ya vyuo iko pamoja na kemia. Huko utapata muundo wa protini, namna vimeng'enya vinavyofanya kazi atomi kwa atomi, na mihula miwili kamili ya kemia ogania pamoja na kemia fizikia. Kwingine iko kitivo cha baiolojia, na mzani unaegemea jeni, seli na vijidudu; kemia inakomea mahali pa kukuwezesha kufuata somo. Kwingine iko ndani ya shule ya tiba, ambako umetaboli, magonjwa na vipimo vya damu ndivyo vinavyotawala, na mara nyingi mnasikiliza mihadhara pamoja na wanafunzi wa udaktari. Shahada tatu, jina moja. Nimewahi kupokea wanafunzi wawili wa shahada ya pili wenye vyeti vya baiokemia vya alama zinazofanana; mmoja hakuwahi kushika chupa ya kunerekesha, mwenzake hakuwahi kukuza bakteria hata siku moja. Wote wawili walikuwa hodari, ila kila mmoja alipoteza muhula akijaza pengo lake.

Kwa hiyo omba orodha ya kozi za mwaka wa tatu na wa mwisho. Ya mwaka wa kwanza haikuambii kitu, inafanana kila mahali. Uliza saa za maabara kwa wiki, na uliza wanafunzi wangapi wanashiriki mashine moja. Chuo kinaweza kuwa na mashine nzuri ya NMR, ile inayosoma muundo wa molekuli kwa sumaku, ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaiona kupitia kioo cha mlango tu. Uliza pia kama kuna mradi wa utafiti mwaka wa mwisho na kama unafanywa benchini au ni kuandika insha ya maktaba. Na kama nchi utakakofanyia kazi ina chama au bodi ya kitaaluma inayoidhinisha shahada za kemia, hakikisha hii imeidhinishwa. Usione haya kuyauliza maswali haya. Mtu wa idara anayejiheshimu atakujibu.

Kuhusu udaktari, wenzako wamekupotosha. Kuna nchi ambako udaktari unaingiwa moja kwa moja baada ya sekondari, na huko baiokemia ni njia ndefu, si ya mkato. Kuna nchi ambako unaingiwa baada ya shahada ya kwanza, na huko wanaangalia kozi ulizosoma na alama zako. Mwenye kemia aliyeongeza kozi za baiolojia anasimama foleni moja na mwenye baiokemia. Alama ndizo zinazosema. Utazipata vizuri zaidi kwenye somo unalolipenda. Halafu usichanganye baiokemia na maabara ya hospitali: katika nchi nyingi kupima sampuli za wagonjwa kunahitaji mafunzo na leseni yake, na shahada ya baiokemia peke yake haikupi ruhusa hiyo.

Kazi, basi. Hapa walio upande wa kemia hawakukosea sana. Kila kiwanda kinachotengeneza kitu, kiwe rangi, dawa, sabuni, chakula au mafuta, kina mtu wa kupima kama kilichotoka leo ni sawa na cha jana, na mtu huyo mara nyingi ni mwenye shahada ya kwanza ya kemia anayeijua kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Maji ya kunywa yanapimwa, udongo unapimwa, ushahidi wa polisi unapimwa. Baiokemia inafungua milango ya chanjo, vifaa vya kupimia magonjwa, uchachushaji na utafiti wa dawa, lakini kazi nyingi za huko zenye kuvutia huanzia shahada ya pili. Ukiwa tayari kusoma zaidi, tofauti hii inapungua. Ukitaka kuajiriwa mara unapomaliza, mimi ningeweka uzito kwenye kemia, hasa ile ya uchanganuzi.

Nikupe na kisa changu, maana ndicho kilichonifundisha kwamba shahada hizi haziachani kama vyeti vinavyodai. Nilikuwa mwanafunzi wa baiokemia, najiona nimekwisha kumaliza na kemia. Nilitengeneza bafa ya Tris, myeyusho wa kuizuia pH isiyumbe, mezani, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, nikairekebisha hadi pH 7.5 sawasawa, nikaibeba kwenye chumba baridi cha nyuzi 4 na kuitumia wiki nzima kusafisha kimeng'enya kwenye safu ya kubadilishana ioni, bomba lililojazwa chembe zinazonasa vitu vyenye chaji hasi. Kimeng'enya kilitakiwa kipite na uchafu ubaki. Kilinata. Nikaosha safu, nikarudia, kikanata tena. Nikalaumu safu, nikalaumu protini, nikamlaumu aliyeitumia safu kabla yangu. Mwalimu wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "pH uliipima ukiwa wapi?" pH ya Tris hupanda kwa karibu 0.028 kila joto linaposhuka nyuzi moja. Kule ndani bafa yangu haikuwa 7.5, ilikuwa karibu 8.1, na kwenye pH hiyo protini yangu ilibeba chaji hasi zaidi, ikaishika safu. Mada hiyo, ya thamodinamiki ya asidi na besi, nilikuwa nimeifanyia mtihani mwaka uliotangulia. Nilifaulu, tena vizuri, nikaisahau siku iliyofuata.

Umeuliza kama unaweza kuhama. Kwa kawaida ndiyo, mradi uamue kabla ya mwaka wa pili kuanza, kwa sababu mwaka wa kwanza kozi nyingi zinafanana. Kutoka kemia kwenda baiokemia huwa kwepesi zaidi: unaongeza baiolojia ya seli na mambo yanakwenda. Kutoka baiokemia kurudi kemia kunakuwa kugumu kama uliruka kalkulasi ya pili au fizikia, maana kemia fizikia haikufungulii bila hizo. Kwa hiyo hata ukichagua baiokemia, mwaka wa kwanza chukua hesabu zile wanazochukua wa kemia, mlango ubaki wazi. Na kozi ya baiokemia ya jumla, mihula miwili, inapatikana katika shahada nyingi za kemia kama somo la hiari. Wapo waliosoma kemia, wakaionja seli mwaka wa tatu, wakahamia huko shahada ya pili bila kupoteza kitu.

Hesabu zinazokutoa jasho zianze sasa, wala usianze na kalkulasi. Anza na logi, vipimo vya kisayansi na kubadilisha vizio: maikromoli kwenda moli, mililita kwenda lita, mpaka usihitaji kufikiri. Nusu ya makosa ninayoyaona maabara ni sufuri tatu zilizopotea njiani.

Kuhusu vitu vya kununua, usitumie fedha kwenye vitabu vikubwa kabla ya kujua mhadhiri anatumia kipi. Maktaba ina vya kutosha kwa mwezi wa kwanza. Nunua kikokotoo cha kisayansi na ukizoee hichohicho, usibadilishe siku ya mtihani. Nunua miwani ya maabara inayofunika pembeni. Koti la maabara liwe la pamba, si la nailoni, kwa sababu nailoni ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Na daftari la maabara liwe lenye kurasa zilizoshonwa, kurasa zote uziandike namba kwa kalamu ya wino kabla hujalitumia, na ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa ili bado lisomeke. Namba uliyoifuta kwa hasira saa nne asubuhi ndiyo mara nyingi unayoitafuta saa kumi jioni.